GTI haivuti: ifuate hewa kabla ya kuilaumu turbo

Fundi akiambiwa gari la turbo halivuti, hukumu ya kwanza katika gereji nyingi ni "turbo imekufa". Hukumu hiyo ni rahisi kuitoa na ghali kuilipia. Turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuibana hewa iendayo kwenye injini, hufa, hakuna ubishi. Lakini kuanzia kwenye chujio la hewa hadi ndani ya silinda kuna mipira, bana, sensa na valvu ndogondogo ambazo hutangulia kufa, na nyingi zikifa huacha dalili ileile: unakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda, kelele ipo, ila ule msukumo wa kukubandika kwenye kiti haupo.

Nitalitumia gari moja kueleza jambo hili, Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano, iliyotoka mwaka 2004 ikiwa na injini ya TFSI (yenye turbo, na petroli inayonyunyizwa ndani ya silinda moja kwa moja) ya lita 2.0. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, zipo nyingi barabarani. Kenya hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo GTI za kizazi hiki zilizoingia kutoka Japani na Uingereza ziliingia zamani, na sasa ziko mikononi mwa mmiliki wa tatu au wa nne, huku mipira yake ikiwa imeshapikwa na joto la injini kwa miaka. Pili, mfumo wake wa hewa una karibu kila kitu kinachoweza kuharibika kwenye gari la namna hii. Ukiuelewa huu, Subaru, Audi au Mazda yenye turbo haitakusumbua sana.

Kiwandani gari hili lilitoka na nguvu za farasi 200, na torki ya Nm 280 inayopatikana kuanzia mizunguko 1,800 kwa dakika hadi 5,000. Ishike hiyo 1,800. Turbo yake, K03, ni ndogo, nayo ilipewa kazi ya kuamka mapema. GTI inayosubiri mizunguko 3,500 ndipo ianze kuvuta inaumwa, hata kama taa ya injini haijawaka.

Vipande vitatu vya njia moja

Watu wengi wanaitazama njia ya hewa kama bomba moja refu. Ukitaka kupata tatizo, igawe vipande vitatu, kwa sababu presha iliyomo ndani ya kila kipande ina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo inayoamua tundu litafanya nini.

Kipande cha kwanza kinatoka kwenye chujio hadi mdomo wa turbo. Hapa turbo inanyonya, hivyo presha ya ndani iko chini kidogo ya presha ya nje wakati wote. Mpira ukipasuka hapa hautoi hewa, unaingiza. Na kwa kuwa sensa ya hewa imekaa mara tu baada ya chujio, hewa inayopenya kwenye ufa inaingia bila kuhesabiwa. Kompyuta inapima petroli kulingana na hewa iliyoiona, kumbe silinda zimepata zaidi, na mchanganyiko unakuwa na upungufu wa petroli. Kadiri unavyokanyaga ndivyo turbo inavyonyonya kwa nguvu na ndivyo hewa ya wizi inavyoongezeka. Tena haijachujwa, kwa hiyo vumbi linapiga mapanga ya turbo moja kwa moja.

Kipande cha pili kinatoka kwenye turbo, kinapita intakula (kipoza hewa iliyobanwa), kinaishia kwenye throtoli (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). Gari likiwa silensa, yaani injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta, presha hapa inakaribiana na ya nje, basi ufa unakaa kimya kabisa. Unaweza kusimama na fundi saa nzima mkisikiliza injini iliyofunguliwa boneti na msisikie kitu. Ufa huo unafunguka pale tu turbo inaposukuma, yaani gari likiwa barabarani na mzigo, wakati ambapo hakuna mtu aliyeinamia injini. Hapa hewa imeshahesabiwa, kisha inatorokea nje. Petroli inakuwa nyingi kuliko hewa iliyofika. Moshi mweusi kidogo kwenye ekzosi wakati wa kukanyaga, na sauti ya kupuliza kutoka mbele ya gari, ni alama zake.

Kipande cha tatu kiko baada ya throtoli hadi kwenye valvu za kuingizia hewa. Hiki ni kigeugeu. Gari likiwa silensa, silinda zinanyonya huku throtoli ikiwa karibu kufungwa, na presha inashuka hadi karibu theluthi ya presha ya nje. Tundu dogo hapo linavuta hewa kwa pupa na silensa inayumba. Ukikanyaga, presha inageuka inakuwa kubwa kuliko ya nje, na tundu lilelile linaanza kutema. Gasketi ya manifoldi (bomba linaloigawa hewa kwa silinda), mipira myembamba ya vakyumu, bomba la breki busta, na valvu ya kupumulia injini (inayotoa mvuke wa oili kutoka sehemu ya krenki), zote ziko katika eneo hili.

Kompyuta inakwambia uko kipande kipi

Mashine ya kusomea gari ikiunganishwa, watu hukimbilia namba ya kosa. P0299 inasema presha ya turbo ni ndogo kuliko iliyoombwa. Hiyo ni kurudia malalamiko ya dereva kwa herufi na tarakimu. Haisemi kwa nini. Cha kuudhi zaidi ni fundi anayefuta makosa kabla ya kuyaandika, maana pamoja na kosa kompyuta huhifadhi hali ya gari wakati huo: mizunguko ilikuwa mingapi, joto lilikuwa nyuzi ngapi, mzigo ulikuwa kiasi gani. Ukifuta, umefuta ushahidi.

Chenye maana kwanza ni marekebisho ya mafuta. Kila mara kompyuta inalinganisha petroli iliyonyunyiza na kile sensa ya oksijeni inachokiona kwenye ekzosi, kisha inajirekebisha kwa asilimia. Kwenye GTI hii, kwa mashine inayosoma mifumo ya Volkswagen, fungua kundi la vipimo namba 032. Utaona tarakimu mbili: ya kwanza ni ya silensa, ya pili ni ya mwendo wa kawaida. Zikiwa karibu na sifuri, mchanganyiko uko sawa. Zikikaribia 10 upande wa kuongeza, kompyuta inalalamika kwamba hewa ni nyingi kuliko inavyoelewa.

Sasa linganisha. Ya silensa ikiwa juu na ya mwendo ikiwa nzuri, nenda kipande cha tatu, kwa sababu tundu la vakyumu linaumiza zaidi pale hewa halali ni kidogo. Ya silensa ikiwa nzuri na ya mwendo ikiwa juu, shuku kipande cha kwanza au sensa ya hewa yenyewe kuwa chafu na kusoma pungufu. Zote zikiwa nzuri na gari bado halivuti, kuna uwezekano mkubwa hewa inapotelea kipande cha pili, au haiingii ya kutosha tangu mwanzo. Hayo umeyapata ukiwa umeegesha, bila kushika spana.

Mombasa si Nairobi

Hapa ndipo wengi hupotea, na miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya haisaidii kwa sababu waandishi wake wanaishi karibu na usawa wa bahari.

Kompyuta ya gari inapima presha kamili, yaani kuanzia utupu. Mombasa au Dar es Salaam, hewa iliyosimama tu ina presha ya karibu milibari 1,010. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa hiyohiyo ina milibari 830 hivi. Eldoret inashuka zaidi, karibu 790. Gari lisilo na turbo likitoka pwani kwenda Nairobi linapoteza takriban asilimia 17 au 18 ya hewa, na nguvu inaondoka nayo. Gari la turbo lina nafuu kwa sababu turbo inaweza kujazia pengo, lakini haijazii bure.

Chukua presha kamili ya milibari 1,800, ambayo ni kilele cha kawaida kwa GTI isiyoguswa. Pwani turbo inahitaji kuizidisha hewa mara 1.8. Nairobi inahitaji kuizidisha karibu mara 2.2 kufika palepale. Hewa ikibanwa hupata joto. Kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa ya Mombasa ya nyuzi 30 inatoka ikiwa na nyuzi 110 hivi, na hewa ya Nairobi ya nyuzi 25 inatoka na nyuzi 130. Kwa hiyo mji wenye baridi unaipikia intakula hewa yenye moto zaidi. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi pia, na kompyuta, inayojua presha ya nje, hupunguza ombi lake milimani ili isiivunje. Ndiyo maana geji ya presha iliyobandikwa kwenye dashibodi inaweza kukudanganya: inapima tofauti na hewa ya nje, basi kusoma bari 0.8 Mombasa na 0.8 Nairobi si kitu kimoja.

Ukubwa wa pengo la usawa wa bahari una faida moja ya bure. Washa swichi bila kupiga injini, kisha soma sensa ya presha. Injini haijazunguka, kwa hiyo sensa inasoma hewa ya mahali ulipo. Nairobi ikikwambia 830, iko sawa. Ikikwambia 1,010 ukiwa Westlands, hapohapo Nairobi, ama sensa ni mbovu ama mashine yako inabuni tarakimu, na vyote viwili ni vizuri kuvijua kabla hujatumia pesa.

Kupima barabarani

Kipimo chenyewe ni kundi namba 115: mizunguko, mzigo, presha iliyoombwa, presha iliyopatikana. Ongeza kundi linaloonyesha hewa kwa gramu kwa sekunde. Gari liwe na joto lake la kazi, gia ya tatu, kanyaga hadi chini kutoka mizunguko 2,000 hadi 4,500, kisha achia. Usifike 6,000; kwenye gia hiyo utakuwa umevuka kilomita 120 kwa saa, na turbo hii ilishamaliza kusema yake mapema. Kwa 4,500 uko kwenye 90 hivi. Mtu mwingine ashike kompyuta. Dereva anayetazama skrini kwenye barabara ya Mombasa ni hatari kuliko hitilafu anayoitafuta.

Tarakimu za hewa zina kanuni ya fundi ambayo si sahihi kwa nukta lakini inafaa: gramu kwa sekunde, gawanya kwa 0.8, unapata nguvu za farasi kwa kukadiria. Farasi 200 ni gramu 160 hivi kwenye mizunguko ya juu. Kwa silensa injini hii huvuta gramu kama 2.5 hadi 4.

Tuseme kwenye mizunguko 3,000 kompyuta imeomba 1,800 na imepata 1,450. Sasa iangalie hewa. Ikiwa sensa ya hewa inasoma vizuri, pengine hata juu kuliko kawaida, huku presha ikiwa chini, hewa imehesabiwa ikaingia, halafu ikatorokea nje baada ya turbo. Kipande cha pili. Ikiwa presha imefika lakini hewa inasoma chache na marekebisho ya mafuta yako juu, rudi kipande cha kwanza au kwenye sensa. Ikiwa vyote viwili viko chini na hakuna marekebisho ya ajabu, una mambo matatu ya kuchagua: kuna kizuizi mbele ya turbo, turbo haisukumi, au hewa inazunguka ndani kwa ndani. Hili la mwisho ndilo lililouzia watu turbo nyingi wasizozihitaji, na ndilo nitakalolikalia.

Utando wa mpira

Unapoachia mafuta ghafla, throtoli inafunga huku turbo bado inazunguka na hewa ina presha. Isipopata pa kwenda inarudi na kuyagonga mapanga ya turbo. Kwa hiyo kuna valvu ya kurudisha hewa, inayofunguka kwa umeme na kuirudisha hewa upande wa kunyonyea. Kwenye GTI hii valvu hiyo imefungwa kwa bolti tatu chini ya turbo yenyewe, mahali pa joto na pagumu kufikia. Ya mwanzo iliziba kwa utando wa mpira. Volkswagen ilibadilisha muundo wa valvu hiyo baadaye, na kwa sababu nzuri.

Ukiishika mkononi iliyoharibika, mara nyingi haionekani mbaya. Plastiki ni nzima, pini za umeme ni safi, ina mafuta kidogo ya kawaida. Ukibonyeza utando kwa kidole gumba na kuuvuta pembeni ndipo unaona mpasuko, mwembamba, umefuata mkunjo wa duara kama urefu wa ukucha. Mpasuko huo ukiwa umelala unafunga. Presha ikiusukuma, unafunguka.

Na sasa tazama unavyozificha dalili zake. Hewa inatoka upande wa presha wa turbo inarudi upande wa kunyonyea, turbo inaisukuma tena, inarudi tena. Haijatoka nje, kwa hiyo hakuna sauti kubwa ya kupuliza wala hakuna mpira wenye alama. Haijapita tena kwenye sensa, kwa hiyo haihesabiwi mara mbili na marekebisho ya mafuta hayasemi kitu. Ukizipima bomba kwa kuzijaza hewa kutoka mdomo wa turbo, presha inakuwa sawa pande zote mbili za utando, na kipimo kinapita kwa heshima zote. Ukiamuru valvu kwa mashine unasikia "tak, tak", na fundi anasema valvu ni nzima. Kinachogonga ni koili ya umeme. Mpira hausikiki. Mwishowe bomba ni nzima, sensa ni nzima, valvu "ni nzima", presha iko chini, na aliyebaki kushtakiwa ni turbo.

Kwa hiyo ifungue. Ni bolti tatu na spana ya alen ya milimita 5 yenye shingo ndefu, na kulalia mgongo kidogo. Bei ya valvu haiwezi kuwekwa sentensi moja na bei ya turbo.

Kutafuta uvujaji wa nje

Ikiwa tarakimu zimekupeleka kipande cha pili, anza kwa macho. Ndani ya bomba za turbo huwa na ukungu wa mafuta, kiasi kidogo si ugonjwa. Ukungu huo ndio rafiki yako, kwa sababu mahali hewa inapotorokea unatoka nao na kushika vumbi. Tafuta doa jeusi lenye unyevu kwenye maungio, hasa pale bomba la plastiki linapoingia kwenye intakula. Maungio hayo yana ringi ya mpira na klipu ya waya. Klipu ikiwekwa vibaya inaonekana imekaa, bomba halichomoki ukilivuta, lakini ringi haijabana. Intakula nayo ina matangi ya plastiki yaliyobanwa kwenye kiini cha alumini. Pale pa kubanwa hupumua baada ya miaka au baada ya kugongwa kidogo bampa ya mbele.

Macho yakishindwa, jaza hewa. Toa bomba la chujio, ziba mdomo wa kuingilia turbo kwa kofia yenye valvu ya tairi, unganisha kompresa yenye kidhibiti, na usivuke bari 0.7. Nyunyiza maji ya sabuni kila maungio. Usisimame mbele ya kofia, ikichomoka inaruka kama risasi. Utasikia hewa kwenye kifuniko cha oili au kwenye ekzosi: hiyo inapita kwenye valvu zilizo wazi na kwenye ringi za pistoni, si uvujaji wa bomba. Ikiwa nyingi mno inayokwenda ekzosi, zungusha krenki kidogo kwa spana, valvu zijipange upya.

Mashine ya moshi ni nzuri kwa kipande cha kwanza na cha tatu. Kwa cha pili usiiamini peke yake, inasukuma presha ndogo sana, na kuna nyufa ambazo hazifunguki mpaka zipate presha ya kazi.

Valvu ya kupumulia injini inastahili neno. Ikipasuka ndani, silensa inakuwa na mluzi, kifuniko cha oili kinang'ang'ania kwa kunyonywa, na ukikanyaga presha ya turbo inaweza kuingia hadi kwenye sehemu ya krenki na kuanza kusukuma sili za mafuta. Watu hubadilisha sili ya nyuma ya krenki, inavuja tena baada ya muda mfupi, na valvu iliyosababisha iko palepale juu, inatabasamu.

Chujio, na yanayosahaulika ndani

Chujio lililoziba kabisa ni kama kunywa madafu kwa mrija uliokunjwa: presha na hewa vyote viko chini, hakuna uvujaji, na turbo inahangaika. Kwenye GTI hii kisanduku cha chujio ndicho kifuniko chenyewe cha injini, na ili ulifikie lazima ukitoe, ukigeuze na kufungua skrubu nyingi upande wa chini. Ndiyo maana kwenye magari mengi yaliyofanyiwa "sevisi kamili" utakuta chujio la miaka. Na likibadilishwa haraka, kifuniko kikirudishwa bila kukaa sawasawa, vumbi linapita pembeni.

Machujio ya kuoshwa na kupakwa mafuta yana mashabiki wake. Sina shida nayo, ila anayeyapaka huyalowesha, mafuta yanahamia kwenye waya wa sensa ya hewa, na sensa inaanza kusoma pungufu. Tumia dawa ya kunyunyiza iliyotengenezwa kwa sensa hiyo, usiiguse kwa pamba, iache ikauke. Wakati umefungua, chungulia ndani ya bomba kwa tochi. Tambara la kuzuia uchafu lililosahauliwa na fundi aliyepita ni kisa cha kweli katika gereji nyingi kuliko zinavyokiri.

Turbo, ikibidi

Presha ya turbo inatawaliwa na westigeti, kilango kinachopitisha moshi pembeni ya turbo ili isizunguke kupita kiasi. Kilango hufunguliwa na presha yenyewe kupitia valvu ya umeme iitwayo N75. Hapa kuna kinyume kinachowachanganya watu. Mpira mwembamba wa N75 ukichomoka, kilango hakipati presha ya kukifungua, turbo inasukuma kupita kiasi, kompyuta inaandika P0234 na kuikata nguvu. Dereva anahisi gari halivuti, kumbe lilivuta mno. N75 ikikwama upande wa kupitisha, kilango kinafunguka mapema na unabaki na presha ndogo inayoruhusiwa na springi ya kilango peke yake. Mkono wa kilango ukiwa umelika, unasikia mtetemo wa chuma ukiachia mafuta, na presha inachelewa kwenye mizunguko ya chini.

Baada ya hayo ndipo uiangalie turbo. Toa bomba la kunyonyea, shika ncha ya shafti. Kuchezacheza kidogo pembeni kunaruhusiwa, kwa sababu shafti huelea kwenye oili na sasa hakuna oili yenye presha. Kusogea mbele na nyuma unakokuhisi kwa kidole hakuruhusiwi. Panga lililogusa ukuta, ncha zilizoliwa na vumbi, moshi wa buluu: hapo turbo imehukumiwa kwa haki.

Pale presha ni nzuri na bado halivuti

Kuna GTI inayotoa tarakimu safi kwenye kundi 115 na bado ni nzito kwenye mizunguko ya juu, hasa iliyo na kilomita zaidi ya 100,000. Injini hii inanyunyiza petroli ndani ya silinda moja kwa moja, kwa hiyo migongo ya valvu za kuingizia haioshwi na petroli hata siku moja. Mvuke wa oili kutoka kwenye krenki unaipaka, joto linaikausha, na masizi yanajijenga hadi njia inakuwa nyembamba na ya vinundu. Presha kwenye manifoldi inaonekana sawa, kwa sababu inapimwa kabla ya kizuizi. Injini inamisi (silinda inakosa kuwaka) asubuhi ikiwa baridi, kisha inatulia. Dawa ya kumimina kwenye tangi haifiki hapo, hata chupa ikiahidi nini. Manifoldi inatolewa na masizi yanapulizwa kwa punje za maganda ya njugu ya wolnati, silinda moja baada ya nyingine, kila mara valvu za silinda hiyo zikiwa zimefungwa kabisa. Anayekuambia ataisafisha bila kuhakikisha zimefungwa, chukua funguo zako.

Wengine wanaojifanya ugonjwa wa hewa: pampu ya petroli ya presha kubwa husukumwa na tapeti inayosuguana na kamshafti, na kwenye injini hii tapeti hiyo hulika hadi kutoboka. Kosa la P0087 linakupeleka huko, na kuikagua kila kilomita 30,000 hivi ni busara, kwa sababu ikitoboka kabisa inaharibu kamshafti. Plagi na koili zilizochoka humisi pale tu presha inapopanda, kwa kuwa cheche ina kazi ngumu zaidi kuruka kwenye hewa iliyobanwa. Katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) iliyoziba inazuia moshi kutoka, na hewa mpya haiingii pale ya zamani haijatoka. Petroli ya okteni ya chini inaifanya kompyuta kuchelewesha cheche, na intakula iliyolowa joto kwenye foleni inafanya vilevile: soma joto la hewa inayoingia baada ya nusu saa ya kusimama, kisha lisome tena ukiwa umetembea kilomita chache. Likishuka haraka, hiyo ni foleni tu. Likikataa kushuka, angalia kama mapezi ya intakula yamejaa matope au yamelazwa na mawe.

Ukishatengeneza, futa makosa, acha gari lijifunze marekebisho yake upya kwa siku kadhaa, halafu rudia kipimo kilekile: barabara ileile, gia ya tatu, saa inayofanana ya siku. Iliyoombwa na iliyopatikana zikitembea pamoja kuanzia mizunguko 2,500, na marekebisho yamerudi karibu na sifuri, kazi ya hewa imeisha. Kama bado unahisi uzito, pandisha jeki na uzungushe magurudumu kwa mkono. Breki inayoshika ya nyuma imewahi kupelekwa gereji ikiitwa turbo.